Mtandao unapokatika ziwani, mfuko wa dharura uwe na nini?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni muuguzi, na kila mwezi husafiri kwa boti katika Ziwa Tanganyika, kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma, hadi kijiji cha Mwamgongo, kutoa huduma ya mkoba kwa akina mama na watoto. Safari iliyopita injini ilizimika jioni tukiwa usawa wa Gombe, simu yangu ikakosa mtandao, nasi tukasukumwa na upepo kwa saa mbili hadi wavuvi walipotuvuta. Nimeamua kuandaa mfuko wa dharura. Kwa upande wa mawasiliano na kutambua njia, niweke nini? (Msomaji, Ujiji)

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa yaliyokupata. Simu yako haikuwa na kasoro. Milima inayoporomoka hadi ziwani katika mwambao ule huziba mawimbi ya minara, hivyo mfuko wako uandaliwe kana kwamba mtandao hautakuwepo kabisa.

Anza na filimbi ya plastiki, ambayo haitakiwi kukaa ndani ya mfuko bali ifungwe kwenye jaketi okozi lako, kwa sababu boti ikipinduka mfuko unaweza kwenda upande mwingine. Pulizo tatu, kimya cha kusikiliza, kisha tatu tena, ni ishara ya dharura inayotambulika kimataifa, na sauti yake hufika mbali kuliko ya mtu anayepiga kelele. Kwa usiku weka tochi ya kuvaa kichwani, na kwa mchana kioo kidogo cha kuakisi jua kuelekea boti nyingine.

Simu uibebe pamoja na betri ya akiba ya kuichajia, vyote ndani ya mfuko usiopitisha maji. Wengi hawajui kwamba kipokezi cha GPS kilichomo ndani ya simu hupata mahali ulipo kutoka kwenye setilaiti bila mtandao wala salio, ila ramani ni lazima uipakue ukiwa bado mjini. Soma latitudo na longitudo, ziandike kwenye ujumbe mfupi, na uutume mara kwa mara, maana ujumbe huweza kupenya katika dakika moja ya mtandao hafifu ambayo haitoshi kwa mazungumzo. Namba za mganga mfawidhi, za mwenye boti na za familia ziandike pia kwenye karatasi iliyofungwa kwa plastiki, pamoja na 112 ya polisi, kwani simu iliyolowa huondoka na namba zote.

Kuhusu dira, nakusihi uwe makini. Dira zilizosawazishwa kwa ajili ya Ulaya zinaweza kuinamisha sindano na kuikwamisha huku kusini mwa ikweta, kwa hiyo dukani ishike ikiwa imelala sawasawa na uhakikishe kwamba sindano inazunguka bila kugusa kioo. Usiisome karibu na simu, redio au injini, kwa kuwa sumaku na chuma huipotosha. Matumizi yake kwako ni mepesi: uendapo Mwamgongo nchi kavu iko mkono wako wa kulia, yaani mashariki, na popote utakapopotelea kati ya Kigoma na Gombe, mashariki ndiko uliko ufukwe wetu. Kati ya Mei na Septemba pepo kali za kusini-mashariki huvuma ziwani, na boti isiyo na injini husukumwa kaskazini-magharibi, mbali na ufukwe huo. Ndiyo maana kasia mbili ndani ya boti ni sehemu ya swali lako, ingawa hazimo mfukoni.

Redio ndogo ya betri itakusaidia kusikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kuondoka. Betri zake zihifadhi nje ya redio, kwa kuwa zikivuja huila, na kila baada ya miezi mitatu zikague na uichaji upya ile ya akiba.

Kabla ya kupanda boti, mwachie mwenzako wa zahanati saa ya kuondoka, jina la boti na saa ambayo, asipokusikia, ataanza kupiga simu.