Vuta Futi ya Tatu, Hata Wakikucheka

Kijana mmoja anayesomea upimaji ardhi ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nina nukta mbili zenye koodineti (namba za mahali pake kwenye ramani), nimepima umbali kutoka kila moja hadi nukta nisiyoijua, lakini hesabu inanipa majibu mawili. Nimekosea wapi?"

Marahaba, mdogo wangu. Hujakosea popote. Umbali kutoka A unakwambia tu kwamba nukta yako iko kwenye mzingo wa duara fulani. Umbali kutoka B ni duara jingine, na maduara hayo hukatana mara mbili, kila upande wa mstari AB. Tuseme AB ni mita 100, kutoka A ni 60, kutoka B ni 80. Jumlisha 60² na 100², toa 80², gawanya kwa 200: unapata 36. Basi tembea mita 36 kutoka A kuelekea B, kisha pinda kwa pembe mraba mita 48. Kulia au kushoto? Hesabu haijui. Itakwambia nukta ya tatu yenye koodineti, C, ukipima umbali kutoka kwake pia, mradi isiwe kwenye mstari mmoja na A na B.

Hilo mimi nililipigania. Nilipoanza kazi niliwekwa chini ya mkuu wa kikosi aliyeona umbali wa tatu ni kupoteza muda. Tulikuwa tunatafuta bikoni (alama ya mpaka) ya zamani iliyofukiwa, tukiwa na mchoro wenye umbali kutoka kona tatu za majengo. Mkuu akatumia mbili. Vibarua wakachimba upande mmoja wa ukuta mpaka shimo likafika magotini, hamna kitu. Nikaomba tuvute futi kutoka kona ya tatu. Akacheka mbele ya kikosi kizima: "Huyu bado ana daftari la chuo kichwani."

Nikavuta hivyo hivyo, kibarua mmoja akinishikia ncha. Umbali wa tatu ulilikataa kabisa lile shimo, ukaangukia karibu na makutano ya upande wa pili wa ukuta. Tukachimba huko, sururu ikagonga chuma. Kwenye ripoti jina langu halikuwemo, na mkuu alisimulia jinsi uzoefu wake ulivyomwongoza. Inaniuma mpaka leo. Lakini bikoni ile niliipata mimi, na waliokuwepo wanajua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni umbali wa tatu. Wa pili pia ni umbali wa tatu, kwa sababu nyingine: ukiwa na miwili tu, futi iliyosomwa vibaya bado itakupa jibu safi, na hutashtuka.

Kisha angalia umbo la pembetatu. Maduara yakikatana karibu na pembe mraba, kama kwenye mfano wetu wa 60 na 80, uko salama. Yakigusana kwa shida, utaumia. Ukiacha AB iwe mita 100 ile ile, na umbali wote wawili uwe mita 50.10, nukta iko mita 3.16 nje ya mstari. Ongeza sentimita 1 kwa kila umbali, inaruka hadi 3.32. Sentimita 1 imezaa 15! Wengi wananunua mashine ghali za kupimia halafu wanasimama karibu na mstari AB kwa sababu hapo pana kivuli.

Na umbali wa mteremko usiuingize kwenye hesabu ya ramani. Mita 50 zenye tofauti ya kimo ya mita 5 ni mita 49.75 tu kwa mlalo. Wapimaji wavivu wanaliita hilo jambo dogo. Mpaka wa jirani ukisogea sentimita 25, nenda ukamwambie yeye ni jambo dogo.

Ukifika uwanjani, kabla hujafungua mashine, andika daftarini: ukitoka A kwenda B, nukta iko kulia au kushoto. Chora na kaskazini.