Pengo la noleo haliponi kwa gundi

SWALI: Fundi, habari yako. Natengeneza visu vya bucha hapa Kariobangi kwa springi za gari. Nikiingiza noleo la shaba, kile kipande kinachokaa kati ya bapa na mpini, kwenye msuka, yaani ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini, hubaki pengo la kama nusu milimita pale linapokutana na bapa. Rafiki yangu anasema nichanganye gundi ya Araldite na unga wa shaba nizibe, kisha ning'arishe. Mwingine anasema nilichomelee tu. Nifuate lipi?

JIBU: Usifuate lolote, ndugu yangu. Swali hili hunifikia kila mara, na karibu kila mara huyo wa unga wa shaba amenitangulia. Kuziba huko hupendeza siku ya kuuza tu. Ukiipeleka kwenye gurudumu la kung'arishia, shaba inapata joto na gundi inalegea. Hata ikipona hapo, kisu cha bucha kinashinda kwenye damu, maji na chumvi. Unyevu ukipenya mahali shaba na chuma vinapogusana, chuma ndicho kinacholiwa, tena haraka kuliko kikiwa peke yake. Kinaliwa ndani ya mpini, mwenye kisu haoni. Msuka utakatika mtu akiwa ameegemeza nguvu zote kwenye mfupa.

Na huyo wa kuchomelea? Shaba ya kuchomelea huyeyuka karibu nyuzi 900 za Selsiasi. Makali hulainishwa kidogo baada ya kukomazwa, kwa nyuzi 200 hivi. Ukiona rangi ya buluu inatambaa kwenye bapa, joto limefika kama 300 na ugumu uliouhangaikia unaondoka.

Pengo lako limetoka kwenye keekee. Tuseme msuka una unene wa milimita 3, nawe ukatoboa noleo kwa biti ya 3. Biti huyumba, tundu linapanuka. Toboa kwa 2.5, unganisha matundu kwa tupa ndogo, kilichobaki kitoe kwa mkono. Paka msuka masizi ya mshumaa, ingiza, chomoa, tazama shaba ilipochafuka, sugua hapo tu. Msuka upungue kidogo kuelekea nyuma ili noleo likaze mwishoni kabisa, kwenye mabega, pale msuka unapopanuka kuwa bapa, likigongwa kwa kipande cha bomba. Mabega yote mawili yalingane. Pembe ya ndani ya kila bega iache na mviringo mdogo, kwani ufa huanzia kwenye pembe kali. Uso wa mbele wa noleo upige msasa kabla ya kufunga, wa namba 220 hadi 600, msasa ukiuzungushia kwenye mbao ngumu. Kidole kitupu huviringisha kingo zote.

Pengo jembamba kama unywele hurekebishika: gonga ukingo wa tundu taratibu shaba isogee ndani, kisha upige tupa upya. Noleo lako lenye pengo la nusu milimita litoe, ulihifadhie bapa nene zaidi. Gundi ije mwisho, vyuma vikishakutana vyenyewe, izuie maji na kushika mpini.

Kinachoniudhi ni kwamba visu vilivyozibwa hivyo vinauzwa kwa picha za simu kwa bei ya kazi safi. Fundi anajua alichoficha, mnunuzi hajui. Wenye bucha, soko la Burma hapa Nairobi na kwingineko, mkiagiza kisu ombeni kukiona kabla hakijatiwa gundi. Kinyanyueni mwangani. Mwanga ukipita kati ya shaba na bapa, msilipe. Kirudi kwenye jiliwa.