Muulize Mwalimu: Musi ya ukutani inakunywa kwa kinywa gani?

*Jambo Mwalimu. Mtoto wangu wa sekondari amerudi nyumbani na sufuri. Waliulizwa tofauti kati ya mimea yenye mishipa na isiyo na mishipa, naye akaandika kwamba musi ni mmea mdogo wenye mizizi midogo na shina dogo. Porofesa amepiga msalaba mwekundu: "Musi haina mizizi." Sisi tunakaa Majengo, ukuta wa parsele yetu ni wa mawe ya volkeno, na upande wa kivuli umejaa hiyo musi ya kijani. Nimeivuta kwa kidole, imeshika jiwe kweli kweli. Kama haina mizizi, inajishikiza kwa kitu gani? Na maji inakunywa kwa kinywa gani? — Mama wa Majengo, Goma*

Jambo mama. Porofesa ana haki, lakini mimi ningempa mtoto nusu ya alama. Alitazama ukuta, akaona vinyuzi vinavyofanana na mizizi, akaandika alichokiona. Katika miaka yangu ya kufundisha niliwapata wengi waliokariri majina yote bila kuinama hata mara moja kutazama ukuta wa kwao.

Vinyuzi hivyo huitwa rizoidi. Kazi yake kubwa ni kushikilia, kama misumari inavyoshikilia bati. Mzizi wa muhogo hushikilia pia, lakini juu ya hapo hunyonya maji na kuyatia kwenye njia inayoyapandisha mpaka kwenye jani la sombe. Rizoidi haina njia ya namna hiyo. Swali zima la porofesa limo humo.

Wewe wa Goma utanielewa upesi kuliko mtu wa mji wenye maji mengi. Kuna parsele zenye robine: bomba linatoka barabarani, linaingia uani, mtu anafungua tu. Kuna nyingine hazina bomba. Mvua ikinyesha mnakinga mapipa na masufuria, isiponyesha watoto wanashuka ziwani na bidoni. Muhogo, mahindi, lengalenga, avoka, mgomba, mikaratusi, wote hao wana bomba. Musi inakinga mvua.

Mabomba ya mmea, ndiyo hiyo mishipa ya swali la porofesa, ni ya aina mbili. La kwanza, zilemu, hupandisha maji na chumvi za udongo. Limejengwa kwa seli zilizokwisha kufa, zikabaki kuta tupu zilizokazwa kwa kitu kigumu kiitwacho lignini. Hakuna pampu chini. Jua hukausha maji kwenye majani, na kila tone linalotoka juu huvuta lililo nyuma yake, mpaka kwenye mzizi. La pili, floemu, ni hai, na hubeba sukari iliyopikwa na majani kuipeleka kwenye mizizi, matunda na popote penye njaa. Ukimenya ndizi mbivu, zile nyuzi zinazobaki juu ya nyama yake, ambazo watoto huzibandua na kuzitupa, ni mafungu ya floemu.

Kama mtoto hasadiki, achukue bua la lengalenga lenye rangi ya kijani kibichi, alikate chini kwa kisu chenye makali, alitie kwenye glasi ya maji yenye wino mwekundu, aliache nusu siku. Akilikata tena kwa upana ataona madoa mekundu. Kila doa ni bomba lililokatwa. Kipande cha musi hakitampa madoa hayo.

Lignini hiyo ndiyo inayofanya mti usimame. Ubao ni zilemu, kiti chako ni zilemu, gunia la makala unalopikia ni zilemu iliyochomwa. Makala ya musi hakuna aliyewahi kuyauza Birere! Ndiyo maana mti mwenye mabomba unaweza kwenda juu: kule California upo mmoja wa mita 115 na zaidi. Musi hupokea maji kwa mwili mzima, kwani jani lake dogo mara nyingi lina unene wa seli moja tu, kisha seli huipa jirani yake, kama watu waliojipanga kupitishiana ndoo. Mstari wa ndoo haufiki mbali, kwa hiyo musi nyingi huishia sentimita chache. Hata Dawsonia ya New Zealand na Australia, ambayo ni jitu miongoni mwao, inafika nusu mita hivi. Nayo, niseme ukweli, ina seli za katikati zinazopitisha maji, ila hazina lignini. Kwa hiyo neno "isiyo na mishipa" lisichukuliwe kama amri ya Musa.

Lakini mtoto asidhani musi ni mmea ulioshindwa. Mwezi wa saba, kiangazi kikikaza, ile ya ukutani kwenu huwa rangi ya udongo, ukadhani imekufa. Bandua kipande, kitie kwenye kisahani, kidondoshee maji, kaa utazame. Baada ya dakika chache majani yake madogo yanafunguka na rangi ya kijani inarudi. Ukiacha mche wa lengalenga ukauke kiasi hicho, hata ukiumwagia ziwa lote hauamki. Mwenye bomba ameizoea robine. Maji yakikatwa kwake ni msiba.

Nililiona hilo kwa macho yangu. Januari 2002 volkeno yetu ya Nyiragongo ilipomwaga moto mpaka katikati ya mji, nyumba yetu ilikwenda, ikabaki nyanda nyeusi yenye ncha kali. Niliirudia miaka mingi na daftari, majirani wakacheka. Kwanza jiwe lilianza kuwa la kijivu, kama limemwagiwa majivu. Hiyo ni likeni, nayo mtoto asiiweke kwenye kundi lolote kati ya haya mawili, maana si mmea: ni kuvu na viumbe vidogo vya kijani waliofunga ndoa. Musi ilikuja kwenye mashimo yenye unyevu. Halafu kwenye nyufa, ambamo vumbi kidogo lilikuwa limekusanyika, zikachomoza kangaga, zile wanafunzi wanaziita fujeri. Hizo zina mizizi ya kweli na mabomba ya kweli.

Kangaga ni mtego wa mtihani. Haina ua wala mbegu. Huzaa kwa vumbi la spora, kama musi, na wanafunzi huitupa upande wa musi. Hapana. Spora hazigawi makundi haya. Mabomba ndiyo yanayogawa.

Jambo moja la mwisho la kumwonyesha. Baada ya mvua, juu ya musi huota vijiti vyembamba vyenye kikofia. Hicho kijiti ni mtoto wa musi, aliyepatikana baada ya mbegu ya kiume kuogelea katika maji mpaka kwenye yai. Kinakaa mgongoni mwa mama na kulishwa naye maisha yake yote, kisha kinapasuka na kumwaga spora. Kwenye kangaga mambo ni kinyume: mmea mkubwa unaouona ndio huyo mtoto, amehama kwa mama na kujijengea kwake.

*Mwalimu, tulifunga mbuzi siku tatu kwenye avoka yetu tukingojea sherehe ya ubatizo. Amekula ganda la mti kuzunguka shina lote, upana wa kiganja. Ni wiki mbili sasa na majani bado ni mabichi. Mke wangu anasema mti umepona, mimi nasema umekufa. — Baba wa Himbi, Goma*

Baba, nyote wawili mna haki kwa sasa. Mbuzi amekula floemu, ambayo hupita kwenye ganda. Zilemu iko ndani ya ubao, hakuifikia, kwa hiyo maji bado yanapanda na majani yanang'aa. Ila sukari haishuki tena. Mizizi inaishi kwa akiba yake, na akiba ikiisha itaacha kunyonya maji, ndipo majani yatakapowaambia.

Fanya haraka. Tafuta mtu anayejua kupachika miti. Achukue vitawi vibichi vya avoka hiyo hiyo, apachike ncha moja chini ya kidonda na nyingine juu yake, ncha ya chini ya kitawi ibaki chini, kila mahali ganda liguse ganda, kisha afunge kwa plastiki. Vitatu au vinne kuzunguka shina. Vikishika, sukari itapita hapo kama watu kwenye daraja la miti.

Mbuzi sikuulizi, nadhani ubatizo umekwisha pita.