Mwanao aanzie daraja gani la besiboli? Ushauri kwa wazazi wenzangu tulioko Marekani

Kila mwaka ikifika Januari na Februari, theluji ikiwa bado imelala uani, wazazi wenzangu hapa Ohio huanza kunitumia ujumbe: "Mama, huyu wangu ana miaka tisa. Fomu inauliza Minors au Majors. Nimweke wapi?" Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Wengi wetu tumekulia kwenye mpira wa miguu na rede. Besiboli tumeikuta ukubwani, kwa hiyo daraja la mtoto tunalichagua kwa kusikiliza jina. Majors inasikika kama jambo kubwa, Minors inasikika kama kurudishwa darasa, na mzazi wa kwetu hapendi kusikia mwanawe amerudishwa darasa.

Watoto wangu wawili wamepita ligi ya mtaani kwetu tangu Tee Ball, daraja la wadogo kabisa, nami nimekuwa nikisaidia siku za majaribio ya kuwagawa watoto kwenye timu. Msimamo wangu ni huu: mpeleke mtoto kwenye daraja ambalo atagusa mpira mara nyingi zaidi bila kuuogopa. Umri unakuonyesha milango iliyo wazi kwake. Mlango wa kuingilia unauchagua wewe pamoja naye.

Nitazungumzia zaidi Little League, shirika la ligi za besiboli za watoto lililoanzishwa mwaka 1939 kule Williamsport, Pennsylvania, kwa sababu ndiyo ambayo wengi wetu tunakutana nayo kwanza. Ngazi zake zinapandana hivi: Tee Ball ni ya miaka 4 hadi 7, mpira unawekwa juu ya kijiti na mtoto anaugonga ukiwa umetulia. Minors ni ya miaka 5 hadi 11, na ndani yake mna hatua: kwanza kocha ndiye anayerusha, au mashine, kisha watoto wanarushiana wenyewe. Majors ni miaka 9 hadi 12. Baada ya hapo kuna Intermediate ya miaka 11 hadi 13, Junior ya 12 hadi 14, na Senior ya 13 hadi 16. Umeona miaka inavyoingiliana. Mtoto wa miaka 9, 10 au 11 ana mlango wa Minors na wa Majors, yote halali, na hapo ndipo wazazi wengi hukwama.

Kabla sijafika huko, nizungumze kuhusu tarehe ya kuzaliwa, maana kwa jamii yetu ina uzito wake. Umri wanaouhesabu ni ule atakaokuwa nao mtoto ifikapo tarehe 31 Agosti ya mwaka huo wa msimu. Aliyezaliwa 31 Agosti 2015 anahesabiwa miaka 11 kwa msimu wa 2026, na aliyezaliwa kesho yake, 1 Septemba, anahesabiwa 10, hata kama wanakaa dawati moja shuleni. Mashirika mengine, kama PONY na Cal Ripken, yana ngazi zake na kanuni zake, kwa hiyo usichukue hesabu ya ligi moja ukaipeleka kwenye nyingine. Fungua chati ya umri ya ligi unayojiandikisha, ya msimu huo huo, uisome.

Sasa, ndugu zetu waliopitia kambini, Nyarugusu, Kakuma na kwingineko, wanajua jambo ambalo makocha wengi hapa hawalijui: watoto wengi wameandikiwa 1 Januari kwenye karatasi zao. Mtoto aliyezaliwa Novemba 2015 na kuandikwa 1 Januari 2015 atahesabiwa 11 msimu wa 2026, wakati kwa kweli angekuwa 10. Anaingia uwanjani akiwa mdogo kwa karibu mwaka mzima kuliko karatasi zinavyosema, na watu wanashangaa kwa nini mkono wake hauna nguvu kama wenzake. Ligi itafuata karatasi, na wewe pia zifuate. Usijaribu kubadilisha tarehe kwa ajili ya mchezo, kwani karatasi hizo hizo ndizo zinazobeba ukaazi wenu. Tumia ule mwingiliano wa ngazi. Kaa na mjumbe wa ligi anayeshughulikia wachezaji, mweleze hali ilivyo, mwombe mtoto abaki Minors maadamu umri ulioandikwa unaruhusu. Nimeona hili likikubaliwa bila ubishi wowote.

Suala la karatasi si dogo. Mwaka 2011 timu ya watoto wa Kampala ilishinda eneo lake na kufuzu fainali za dunia za Little League, halafu ikanyimwa viza kwa sababu ya kasoro kwenye kumbukumbu za umri wa wachezaji. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, Uganda, wakafika Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali zile. Kwa hiyo weka nakala za cheti cha kuzaliwa na za uthibitisho wa makazi au wa shule mahali unapozipata haraka, maana utaulizwa.

Turudi kwenye Minors na Majors. Kanuni inasema kila mtoto aliyefika mwanzo wa mechi lazima awe uwanjani mpaka wapinzani 6 watolewe, na apate zamu ya kupiga angalau mara moja. Inasikika vizuri. Lakini mechi ya Majors ina vipindi 6, na kila kipindi timu inatakiwa kuwatoa wapigaji 3, jumla 18. Hizo 6 ni theluthi moja tu ya mechi. Mtoto dhaifu kuliko wote kwenye timu ya Majors anaweza kusimama upande wa kulia wa uwanja wa nje, ambako mipira haifiki sana, kwa vipindi viwili, akapiga zamu moja iliyokwisha kwa mirusho mitatu, akarudi kwenye benchi. Amevaa jezi safi, amepigwa picha, na mpira hakuugusa. Kwenye Minors mtoto huyo huyo angecheza besi ya pili (besi ni vile vituo ambavyo mkimbiaji hupita kimoja baada ya kingine), angejaribiwa kudaka nyuma ya mpigaji, pengine hata angerusha. Ligi nyingi siku hizi huwaweka watoto wote kwenye foleni ya kupiga. Uliza kama yenu inafanya hivyo.

Na watoto wetu wengi wanaanza wakiwa wamechelewa. Mwenzake wa jirani ameshika gongo tangu ana miaka mitano. Wako amefika nchini ana miaka tisa, mbio anazo, akili anazo, lakini hajawahi kuvaa glovu. Huyo mtoto anahitaji kukosea mara nyingi mahali ambapo kukosea hakugharimu mechi. Msimu mmoja wa Minors unampa nafasi hiyo, na mwenye mbio huonekana upesi sana.

Usitegemee kuuliza tu, nenda naye bustanini mkajipime. Pima hatua zako kiasi cha futi 60, yaani mita 18 na kidogo, ambao ndio umbali wa besi hadi besi kwenye Minors na Majors. Je, anaweza kurusha mpira ukafika hewani, au unadunda mara mbili tatu njiani? Kisha sogea karibu, mrushie mipira ya wastani, na usiangalie glovu. Angalia uso. Mtoto aliye tayari anaufuata mpira kwa macho mpaka unaingia mkononi. Asiye tayari anageuza shavu pembeni dakika ya mwisho, anaiacha glovu ijitafutie yenyewe. Huyo ndiye anayepigwa na mpira usoni, kwa sababu amefumba macho.

Kwenye kupiga, tazama miguu. Mpira unaporushwa, mtoto mwenye hofu hurudisha mguu wa mbele kuelekea nje, mbali na mpira, kiuno kinafunguka, gongo linabaki linapepea peke yake. Si kwamba hajui kupiga. Mwili unakimbia. Kwenye Majors mrushaji yuko futi 46 kutoka kwa mpigaji, takriban mita 14, na mrushaji wa miaka 12 aliyeshaanza kubalehe anatupa mpira mgumu kwa kasi ambayo hata mimi nikisimama pale nasisimka. Mtoto wa miaka 9 akigongwa mara moja mgongoni mwezi Aprili, anaweza kutumia msimu wote uliobaki akiruka nyuma. Hofu hiyo ikishaingia hutoka polepole mno. Ukimwona mguu unakimbia, mwache Minors, ikiwezekana kule ambako bado kocha au mashine ndiyo inayorusha, mpaka mguu utulie.

Kuna watoto wa upande wa pili pia, na haki yao isisahaulike. Mtoto wa miaka 10 anayedaka kila kitu, anayerusha kwa nguvu hadi wenzake wa Minors wanashindwa kumdaka kwenye besi ya kwanza, huyo apande. Akibaki chini anazoea kushinda bila kujituma, na wenzake wanaumia mikono. Kumbakiza ili awe nyota wa mechi ni kumdhulumu.

Mruko mkubwa kuliko yote uko kwenye miaka 12 na 13. Uwanja kamili una futi 90 besi hadi besi na futi 60 na inchi 6 kwa mrushaji. Kutoka futi 60 kwenda 90, eneo lililo ndani ya besi linakua mara mbili na robo. Mtoto aliyekuwa anarusha kutoka besi ya tatu hadi ya kwanza bila shida anaona mpira unafia njiani, anadhani amepoteza kipaji, na wengi huacha mchezo hapo. Ndiyo maana napendelea Intermediate kwa mtoto ambaye hajarefuka bado: besi futi 70, mrushaji futi 50. Pale pia anajifunza jambo ambalo Majors haliruhusiwi, yaani kuiacha besi na kusogea mbele kabla ya mrusho ili aibe besi inayofuata. Kama ligi yenu haina Intermediate, uliza ligi jirani.

Mkono wa mtoto unahitaji ulinzi wako. Little League ilianza kuhesabu mirusho mwaka 2007: mtoto wa miaka 7 na 8 asizidi mirusho 50 kwa siku, 9 na 10 asizidi 75, 11 na 12 asizidi 85. Akirusha mara 66 au zaidi, anapumzika siku nne. Hesabu hii inamlinda pale ligi inapoiona. Akiwa na timu nyingine ya mashindano wikendi, kila kocha anahesabu ya kwake, na wa kuzijumlisha ni mzazi peke yake. Nunua kidaftari, andika. Akisema kiwiko kinauma, mechi imekwisha kwake siku hiyo, hata kama ni fainali.

Hizo timu za mashindano zinazosafiri kila wikendi zitakufuata mapema ukiwa na mtoto mwenye mbio. Ada, hoteli, mafuta ya gari, jezi mbili tatu, ni pesa nyingi, na Jumapili za ibada zinaondoka. Kwa mtoto chini ya miaka 10 sioni sababu. Ligi ya mtaani inatosha, na kanuni za Little League zinakataza kumzuia mtoto kucheza kwa sababu ya ada. Kama mwezi umebana, sema bila haya. Kofia ngumu na magongo mara nyingi ligi huwa nayo ya kuazima. Wewe tafuta glovu, hata ya mtumba, maana ya mtumba imeshalainika.

Wenye mabinti, msikubali waelekezwe kwenye softiboli kana kwamba hakuna njia nyingine, kama mwenyewe anataka besiboli. Wasichana wanaruhusiwa Little League tangu 1974, na mwaka 2014 Mo'ne Davis wa Philadelphia alirusha mechi nzima ya fainali za dunia bila wapinzani kupata pointi hata moja. Na mwenye mtoto mwenye ulemavu wa mwili au wa akili, naomba usimfungie ndani. Kuna daraja la Challenger tangu 1989, kwa miaka 4 hadi 18, na mpaka 22 kama bado yuko shule. Kila mtoto anaweza kuwa na mwenzake wa kumsaidia uwanjani. Nimekaa pembeni ya uwanja ule, na vifijo vyake sijavisikia kwenye daraja lingine lolote.

Siku ya majaribio mfikishe mapema, ale kidogo, arushe mipira kadhaa mwili upate joto. Ukimaliza, mwambie mjumbe wa wachezaji mambo matatu: amecheza misimu mingapi, anaogopa nini, na mwenyewe anapenda kusimama wapi. Makocha hawa ni wazazi wa kujitolea. Wanaona mtoto kwa dakika chache tu, na kauli yako inawasaidia. Na ukimweka Minors usidhani umemfungia huko. Timu ya Majors ikipungukiwa na mchezaji katikati ya msimu, nafasi inajazwa na mtoto kutoka Minors, na wanaoitwa kwanza ni wale makocha waliowaona wakicheza kila wiki. Mwanangu mdogo alipanda kwa njia hiyo mwezi Mei, akiwa ameshazoea kurusha, na mguu wake wa mbele ukiwa umetulia.