Alikabwa koo, lakini shingoni hakuna alama

SWALI: Shikamoo daktari. Dada yangu ameolewa Kongwa. Juzi mume wake alimkaba koo mpaka akaona giza. Sasa sauti imekauka, kichwa kinamgonga na anasahausahau, ila shingoni hana hata mkwaruzo. Mganga anasema ni jini, anadai laki mbili na kuku mweusi. Mama mkwe anasema anadeka. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba. Mpelekeni hospitali ya wilaya leo hii, msisubiri mnada upite. Akifika aseme wazi: "Nimekabwa koo." Akisema ameanguka, atapewa panado na kurudi nyumbani. Mume asiingie naye. Mimi nikiona mume anamjibia mke, humtoa nje kwanza.

Hilo la "hana alama" nalisikia kila mara na linanichosha. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama, na kwenye ngozi nyeusi mvilio wa damu hauonekani kirahisi. Mtazameni ndani ya kope, nyuma ya masikio na kinywani. Vidoa vyekundu vidogo mno mkiviona, hiyo ni mishipa midogo iliyopasuka. Hata visipokuwepo, mshipa mkubwa wa shingo unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda pale, bonge likapanda kwenye ubongo siku kadhaa baadaye. Hapo mwanamke kijana anapata kiharusi na watu wanasema karogwa. Akishindwa kumeza au kuhema, mdomo ukipinda, mkono ukilegea, msingoje kupambazuke. Huenda akapewa rufaa kuja hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma kwa kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya mwili.

Mganga huyo anawala hela na kuwapotezea muda ambao dada yenu hana. Tena kuku akishachinjwa, kosa linahamia kwa dada yenu: yeye ndiye mwenye jini, aliyemkaba anapewa pole. Na wazee wa ukoo wanaopokea mbuzi wa faini kisha wakamrudisha mke usiku huohuo hawana tofauti na mganga huyo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Fomu ya PF3, ile daktari anayojaza kwa mtu aliyejeruhiwa, inatoka polisi; ulizeni hapohapo Dawati la Jinsia na Watoto. Hali ikiwa mbaya anzeni hospitali, fomu ifuatwe baadaye.

Mume akija na msamaha, msimkabidhi mke. Mwanamke aliyewahi kukabwa koo na mumewe yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mume huyohuyo. Akae kwenu, na watoto aje nao.