Yaya, ni kweli huko munalipwa bila kutumika?

Peti, mesaji yako niliisoma saa kumi ya asubui niko kwa are ya bisi, bidole bimekufa baridi, nikacheka peke yangu mpaka mama moja Muzungu akasogea pembeni. Eti huko Birere, Goma, banasema mashini, ile ya AI, itafanya kazi yote ya Bulaya na leta ya huku itatulipa tukae nyumbani, kwa hiyo mi niongeze makuta juu sasa yatakuwa ya bure. Nani anabadanganya hivyo?

Ile video munazungusha niliiona. Ule mutu ni Dario Amodei, mukubwa wa Anthropic, bale banatengeneza Claude, mashini ya kuandika kama ChatGPT. Mwezi wa 5 mwaka 2025 alisema wazi kama nusu ya kazi za biro za batu benye banaanza inaweza kuisha ndani ya mwaka 1 mpaka 5, na batu bila kazi bafike 10 mpaka 20 kwa 100. Ya kulipwa bure hakuahidi. Alitupa tu wazo la kulipisha kodi zile kampuni za mashini, na wazo huwezi kwenda nalo kwa ajenti ukatoa makuta. Mwezi uliofuata Jensen Huang, mukubwa wa Nvidia, bale banauza chipi za hizo mashini, alikuwa Paris akasema karibu kila kitu hakubaliani naye. Bote bawili banauza, sisi bana Goma tunajua soko. Tarehe 22/5/2021 Nyiragongo, mulima wetu wa moto, ilipasuka mangaribi bila mutu kutuambia kitu, tukakimbia na magodoro kichwani, unakumbuka. Huyu Amodei anapiga kelele mbele ya moto, sawa, lakini kuni njo yeye anachochea chini ya mulima. Hata hivyo mi namuamini, juu mi ilishanipata.

Sikubaambia. Nilikuwa kwa biro ya asiransi, ile ya bima, hapa Liège, Ubelgiji, kujibu barua za bakliya. Bakaleta programu, bakasema we sahihisha tu majibu yake. Miezi 8 nilisahihisha. Mwanzo ilikuwa mujinga kabisa, mujane bwana yake amekufa wiki ile, yenyewe inamwandikia asante kwa kuendelea kutuamini. Nikafuta, nikaweka pole ya kwetu, pole ya kukaa kwanza chini na mutu mbele ya kumuuliza papiye. Siku moja nafungua barua ya mujane mwingine, nakuta pole yangu imeshaandikwa, na imetoka muzuri kushinda vile ningeiandika mi mwenye nimechoka. Nikajua. Kontra ilipoisha hakuna mwenye aliniita. Kwa ile sale tulikuwa 11, bakabakia 3.

Sasa nasukuma raklete ya kusafisha chini usiku kwa biro za batu bengine. Kwa choo roboti haijafika bado, Mungu ni mukubwa. Zile 150 natuma, zenye Mama anavuka barieri ya Rwanda kuchukua Gisenyi, juu banki za Goma zilifungwa, ni za raklete, na za mwezi wa 2 zilikuwa deni. Zikichelewa musiseme yaya amebadilika, amepata bibi Muzungu, sijui nini.

Usije. Nakuambia kama damu yangu, ule mulango mi niliingilia njo unafungwa, na diploma yako ni ya biro. Ila visa ikitoka, kuja, mi nani nikukatalie, utalala kwa kanape. Na enformatike iache, soma umeme, mashini haitapanda mabati ya Ndosho kufunga plake za solere, za umeme wa jua. Ao hapana, usiache, soma yote mbili. Lakini ile ChatGPT punguza! Barua yako ya mwisho ya kuniomba makuta ilikuwa na Kifaransa chenye hujaongea tangu uzaliwe, na mi njo ile kazi nilifanya miezi 8, naijua harufu yake. Andika mwenyewe, na makosa yako.

Feza itafika ijumaa. Mama asivuke mbele ya hapo.