Mwacheni Ashindwe Mwenyewe: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako niliisoma kwa sauti, baba yako akisikiliza. Unauliza kama Jane Couch alikuwa bondia bora kweli au ni kesi tu iliyompa jina, maana mwaka 2024 ameingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Kimataifa wa Ngumi ilhali katika mapambano yake 39 alishindwa 11. Baba yako alidakia papo hapo kwamba 11 ni mengi mno. Mimi nitajibu kwa njia yangu, nawe unavumilia kama ulivyozoea.

Couch alizaliwa Fleetwood, kaskazini magharibi mwa Uingereza, mwaka 1968. Alikuwa na miaka 26 hivi alipoona kwenye televisheni kipindi kuhusu wanawake wanaopigana ngumi, akaamua kwamba kazi yake ni hiyo. Umri huo ni wa kuchelewa, lakini hata angewahi, kwao wakati ule ngumi za ridhaa nazo zilikuwa zimefungiwa wanawake. Mwaka 1996, mjini Copenhagen, alimshinda Mfaransa Sandra Geiger kwa pointi baada ya raundi 10, akatwaa mkanda wa dunia wa WIBF, shirikisho la kimataifa la ngumi za wanawake, katika uzito wa welter (usiozidi kilo 67 hivi). Akarudi nyumbani na mkanda wake, na bado hakuruhusiwa kupigana ngumi za kulipwa katika nchi yake, kwa kuwa Bodi ya Kudhibiti Ngumi ya Uingereza haikuwa ikiwapa wanawake leseni.

Aliishitaki bodi hiyo kwa Sheria ya Ubaguzi wa Kijinsia ya 1975. Katika utetezi wake bodi ilidai, pamoja na mengine, kwamba mabadiliko ya mwili kabla ya hedhi huwayumbisha wanawake kihisia, kwa hiyo ulingo si mahali pao. Niliposoma habari hiyo niliweka gazeti chini nikaondoka mezani.

Unajua kwa nini. Kisa cha udereva wa basi baba yako hukisimulia kwenye kila sherehe kana kwamba ni kichekesho, na watu hucheka, nami hucheka nao kwa adabu. Anachokiruka ni kwamba leseni ya magari makubwa nilikuwa nayo mkononi, na wale wazee wa usaili hawakuniuliza swali hata moja juu ya breki wala gia, bali walitaka kujua nitafanyaje siku zangu zikinikuta safarini na abiria wamejaa. Nikawajibu kwamba nitafanya wanavyofanya wao wakiumwa na tumbo: nitaendesha. Jibu hilo linanifurahisha hadi leo. Kinachoniuma ni kwamba hawakunipa hata funguo nikaizungusha gari uwanjani mbele yao, wakanihukumu. Ningeigonga nguzo, ningekwenda zangu bila neno. Ndiyo maana nimekuwa nikiwaambia tangu mkiwa wadogo: mtu aachwe ashindwe mwenyewe, asishindwe mezani.

Najua utanirudishia hoja ya afya. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilipinga ngumi za wanawake, nacho hakikukosa sababu, kwani kichwa ni kichwa na ubongo ukitikiswa hauulizi jinsia ya mwenyewe. Lakini madaktari hao walikuwa wakitaka ngumi zote zipigwe marufuku, za wanaume zikiwamo. Naweza kubishana na mtu wa namna hiyo nikamheshimu. Anayenishinda ni yule anayemtoza mwanamume kiingilio cha kutazama wenzake wakitoana damu, kisha anamwonea huruma mwanamke.

Couch alishinda kesi Machi 1998, na tarehe 25 Novemba mwaka huohuo alipanda ulingoni Streatham, London, akammaliza Simona Lukic wa Ujerumani katika raundi ya pili. Pambano lenyewe halikuwa la kutisha, nakubali. Wapinzani wa miaka ile walikuwa haba, na bingwa wa uwanja wenye watu wachache hupimika kwa shida. Alipokutana na wakali hasa, walimshinda: Lucia Rijker huko Los Angeles mwaka 2003, Myriam Lamare wa Ufaransa mwaka uliofuata, kisha Holly Holm wa Marekani mwaka 2005. Hapo baba yako ana hoja, wala sipendi kumwambia. Ila tazama majina hayo, mwanangu, na wengi wao aliwafuata kwao, akiwa tayari na miaka thelathini na kitu. Bondia anayelinda rekodi hachagui safari za namna hiyo. Aliachwa ashindwe mwenyewe, akashindwa, akarudi tena ulingoni, hadi alipostaafu mwaka 2008.

Kwa hiyo alikuwa bora au hakuwa? Ningependa sana kusema alikuwa, na ulimi unaniwasha. Lakini miaka aliyopaswa kujifunza ngumi kwa utaratibu, kama walivyojifunza wasichana wa Uingereza waliopigana Olimpiki ya London mwaka 2012, hakupewa, na sioni haki ya kumlinganisha na Nicola Adams, mmoja wa wasichana hao aliyetwaa dhahabu, kwa kutazama matokeo peke yake. Baba yako anasema ninakwepa. Basi mwandikie yeye umuulize ni bondia gani wa kiume anayemheshimu ambaye alianza katika umri ule, bila klabu ya ridhaa, na bila ruhusa ya kupigana kwao.

Mama yako